Kilomita nne na mita mia mbili: shajara ya mradi wa maji Upare

Mimi ni muuguzi katika mji mdogo wa Yorkshire, Uingereza, na kwetu ni Upare, kwenye vijiji vya mlimani wilayani Same. Tangu 2019 ni mwanachama wa klabu ya kujitolea ya hapa mjini, ya aina ile ya Rotary na Lions: watu thelathini na kidogo, wengi wastaafu, wanaokutana kila Jumanne jioni na kuchangisha fedha kwa mambo ya hapa na ya nchi za mbali. Shajara hii naiweka kwa ajili yenu mlio katika vilabu kama hivi huku mkiwaza kijiji mlikotoka. Nimeandika kila hatua ilipokamilika na sikufuta makosa, maana makosa ndiyo yaliyokula fedha. Bei ni za shilingi ya Tanzania. Pauni 1 tuliibadilisha kwa wastani wa Sh 3,100 mwaka 2023, na Sh 3,240 mwanzoni mwa 2024.

14 Januari 2023: Kura ya kisima

Klabu imepiga kura wiki hii kuchimba kisima kirefu chenye pampu ya mkono kijijini kwetu. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Picha tuliyoonyeshwa ilikuwa ya watoto wakicheka kwenye pampu, na kila mtu mkutanoni aliona kazi imeshaeleweka.

Jana nikampigia mwenyekiti wa kijiji kumpa habari njema. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Dada, kisima cha nini huku? Maji tunayo juu, tatizo hayashuki."

Nimezaliwa pale. Nilijua kwamba vijito vinatoka msituni upande wa Shengena na kwamba hakuna aliyewahi kukosa maji mlimani kwa sababu ya ardhi kuwa kavu. Watu wanakosa maji kwa sababu yako mbali na si safi. Nimeomba kura ile isimame hadi nifike nyumbani.

11 Aprili 2023: Mkutano wa kijiji

Nimekuja likizo ya Pasaka. Kabla ya mkutano nilikwenda na Mama Mdogo kuchota. Tuliondoka saa kumi alfajiri na tochi ya simu, tukafika kwenye kijito chini ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, tukapanga foleni nyuma ya wanawake kumi na mmoja, tukarudi jua likiwa limeshapanda. Ndoo moja ya lita 20 kichwani, kata ya kanga chini yake. Yeye ana miaka 63. Alinionyesha mahali alipoteleza mwaka juzi akavunjika kifundo cha mkono.

Njiani tulipita kwenye tanki la zamani. Lilijengwa wakati wa mpango wa maji vijijini ulioanza 1971, ule uliolenga kila kaya iwe na maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Sasa mtini umeota ndani yake na mizizi imepasua ukuta. Mabomba ya chuma bado yanaonekana mahali pengine, yameliwa na kutu. Nilimuuliza Mzee mmoja aliyechimba mtaro ule akiwa kijana kwa nini mradi ulikufa. Alisema lilipasuka bomba moja, wakaandika barua wilayani, wakasubiri fundi. "Bomba halikuwa letu, mwanangu. Lilikuwa la serikali. Nani angethubutu kuligusa?"

Maneno hayo nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi. Sera ya Maji ya 2002 ilikwisha kubadilisha mambo, ikataka wanakijiji wamiliki na waendeshe miradi yao, na Sheria Na. 5 ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Yaani mlango upo. Klabu ya ng'ambo haina haja ya kubuni utaratibu wake.

Mkutano ulikataa kisima kwa kauli moja, ukachagua maji ya mserereko: kukinga maji juu, kuyashusha kwa bomba hadi tanki jipya, kisha kwenye vilula, yaani vituo vya kuchotea. Pampu hakuna, dizeli hakuna, umeme hakuna. Ikachaguliwa kamati ya watu tisa, wanawake watano, kwa ajili ya jumuiya ya maji itakayosajiliwa. Mwenyekiti ni mama anayelima tangawizi na kuuza mwenyewe Same mjini, anayejua hesabu kuliko sisi sote. Kila kaya, na ziko 350, itatoa Sh 10,000. Fedha hiyo, Sh milioni 3.5, ni ya matengenezo tu na haitaguswa wakati wa ujenzi.

23 Septemba 2023: Kupima maji na kusikilizana na wazee wa ndiva

Mhandisi wa RUWASA alipanda na kamati kupima. Walichagua Septemba kwa makusudi, maana ukipima kijito baada ya masika kitakudanganya. Waliziba kwa udongo, wakapitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, wakaweka ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 11. Hiyo ni lita 1.8 kwa sekunde katika mwezi mkavu.

Kijiji kina watu kama 1,900. Kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, tunahitaji lita 47,500, na kilula kimoja kwa watu 250 maana yake vilula 8. Tumeomba kibali cha lita 0.8 kwa sekunde kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Lakini kibali cha karatasi kingekuwa kazi bure bila ndiva. Kwa wasioijua Upare: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo wazee wetu walilijenga kukusanya maji usiku ili mchana yagawiwe mashambani kwa zamu. Ni mfumo wa maji unaoendeshwa na wananchi tangu kabla ya wakoloni, na una watu wake, sheria zake na faini zake. Siku hizi maji ya ndiva ndiyo yanayolea tangawizi, na tangawizi ndiyo ada za shule. Wazee wa ndiva walituuliza swali moja: kijito kikipungua, nani anapungukiwa kwanza?

Hatukuwa na jibu. Mchoro wetu ulikuwa na bomba lililolala chini kabisa ya banio (ukuta mdogo wa kukinga maji kijitoni), yaani kijito kikipungua sisi tunaendelea kunywa na ndiva inakauka. Vikao vitatu vilipita. Suluhu ilitoka kwa mzee wa ndiva mwenyewe: banio liwe na matundu mawili kwenye kimo kimoja, letu dogo na lao kubwa, ili maji yakishuka, yashuke kwa wote. Mhandisi alikokotoa ukubwa wa matundu, makubaliano yakaandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili. Gharama ya vikao vitatu ni chai na sukari. Kama tungeruka hatua hii, naamini bomba letu lingekatwa kwa panga mwezi wa kwanza wa kiangazi, na anayelikata angekuwa na haki.

21 Oktoba 2023: Fedha

Klabu imefikisha pauni 30,700. Michango ya moja kwa moja ni pauni 14,000. Kwa kuwa ilipita kwenye mfuko wa hisani wa klabu uliosajiliwa, na wachangiaji ni walipa kodi, serikali ya Uingereza imeongeza peni 25 kwa kila pauni, yaani pauni 3,500. Hii inaitwa Gift Aid, na mkiwa Uingereza msiiache. Haihusu mapato ya kuuza chakula wala tiketi, hivyo yale pauni 8,200 ya vifungua kinywa na matembezi hayakuongezewa kitu. Klabu jirani imetoa pauni 5,000.

Fedha zinaingia kwenye akaunti ya jumuiya yenye watia saini watatu, awamu tatu tu ili makato ya benki yasitule. Kila awamu inatoka baada ya kamati kutuma picha za risiti za awamu iliyotangulia.

Bajeti iliyopitishwa ni Sh milioni 90.5. Bomba kuu la milimita 63, rola 42 za mita 100, ni milioni 35.7. Mabomba ya usambazaji, kilomita 3.1, ni milioni 11.4. Tanki la mawe la lita 50,000 ni milioni 14.2, banio pamoja na tanki la kupunguza msukumo milioni 6.8, vilula vinane milioni 8.8. Usafiri na mafundi milioni 9.6. Vibali, upimaji wa maji na makato ya benki milioni 2.3. Makande ya wachimbaji milioni 1.7, na mtu yeyote wa klabu akiuliza kwa nini tunalipia chakula, mwambie ajaribu kupiga sululu mlimani tangu asubuhi akiwa na njaa.

Kulikuwa na mstari mwingine wa Sh 780,000: valvu mbili za kutoa hewa na moja ya kusafishia bomba bondeni. Mtunza hazina aliniuliza zina kazi gani. Sikuweza kumweleza. Tukazikata.

30 Desemba 2023: Msaragambo na mvua

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Mtaro wa bomba kuu ni mita 4,200, kaya 350, kwa hiyo kila kaya mita 12, kina cha mita moja. Vitongoji vilipeana siku. Wazee wasiojiweza walichimbiwa na vijana wa kanisani na msikitini, bila kuombwa na kamati. Kufikia katikati ya Novemba tulikuwa na mita 3,400.

Kisha vuli ikaja na El Niño. Ni mvua zile zile zilizoleta maporomoko ya Hanang tarehe 3 Desemba. Kwetu hakufa mtu, tunamshukuru Mungu, lakini mtaro ulifukiwa kama mita 900 na banio lililokuwa limejengwa nusu lilibebwa, mbao, nondo na yote. Hasara ya banio: Sh milioni 1.9.

Kosa ni letu. Mafundi walitaka kuanza banio Septemba, kijito kikiwa chembamba. Sisi tulichelewesha awamu ya kwanza wiki sita kwa sababu klabu ilisubiri mkutano wake mkuu wa mwaka. Kalenda ya klabu haijui vuli wala masika. Tangu sasa kamati ya kijiji ndiyo inayotuandikia tarehe ambayo fedha lazima ziwe zimefika, na klabu inapanga vikao vyake kuifuata.

19 Februari 2024: Bomba limepasuka

Hii ndiyo sehemu ambayo nisingependa kuiandika, na ndiyo inayostahili nafasi kubwa.

Kwanza nieleze mlima. Banio liko mita 1,640 kutoka usawa wa bahari. Bomba linashuka, linavuka bonde lililo mita 1,490, kisha linapanda hadi tanki la kijiji, mita 1,545. Maji yaliyosimama ndani ya bomba huongeza baa 1 ya msukumo kwa kila mita 10 za mteremko. Kutoka banio hadi bondeni ni mita 150, yaani baa 15. Bomba letu ni PN10, linalobeba baa 10. Ndiyo maana mchoro uliweka tanki dogo la kupunguza msukumo kwenye mita 1,575: maji yanamwagika humo, yanapumua, yanaanza safari upya. Kutoka pale hadi bondeni ni mita 85 tu. Bomba linaweza.

Wanachama sita wa klabu walikuwa wanafika Jumamosi tarehe 17, kwa nauli zao wenyewe. Tanki dogo lilikuwa bado halijapigwa lipu. Mimi, nikiwa Yorkshire, nilipiga simu mara tatu wiki hiyo nikisisitiza wageni wayaone maji. Fundi alisema tungoje. Nilimwambia wageni hawatarudi tena mwaka huu. Akatafuta njia: akaunga kipande cha bomba kulipita tanki dogo kando, ili maji yafike kijijini kwa siku mbili tu.

Alhamisi mchana maji yalifika tanki kuu na watu wakapiga vigelegele. Maji yanapotembea, msukumo bondeni hupungua, kwa hiyo mchana kutwa bomba lilivumilia. Usiku tanki likajaa, boya likafunga, maji yakasimama. Saa tisa usiku watu wa bondeni walisikia mlio kama wa risasi. Bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu, kama mita moja na nusu, na maji yalikwangua shamba la mahindi la mama mmoja mjane mpaka kwenye mwamba. Alilipwa Sh 180,000, tulizochanga mifukoni mwetu.

Tungeishia hapo, tungesema kosa ni la tanki dogo. Lakini fundi alikaa chini kwenye tope akaangalia ule ufa, akasugua bomba kwa kidole gumba, akaenda kuchukua kalipa, kifaa cha kupimia unene. Bomba la milimita 63 la PN10 linapaswa kuwa na unene wa ukuta wa milimita 3.8. Kalipa ilisoma 2.5. Huo ni unene wa PN6, linalobeba baa 6 tu. Wakatembea mtaro mzima siku hiyo, wakipima kila kiungo, na kati ya rola 42, rola 11 zilikuwa nyembamba. Maandishi kwenye hizo 11 yalikuwa yamefutika au kukwaruzwa. Kwa maana hiyo, hata tanki dogo lingefanya kazi, baa 8.5 zingekuwa juu ya uwezo wa rola hizo, na rola zingepasuka moja moja, miaka na miaka.

Muuzaji nilimchagua mimi, kwa simu, kwa kutumiwa picha. Alikuwa chini kwa Sh 60,000 kwa kila rola. Kamati ilikuwa na muuzaji wake waliyemzoea, nikawaambia tuokoe fedha za wafadhili.

Wageni walifika wakakuta tope. Nilikuwa nimewasihi kamati wawaonyeshe tanki na wapite haraka. Mwenyekiti wa jumuiya alikataa. Aliwapeleka bondeni, akawaambia kupitia mkalimani: "Bomba limepasuka kwa sababu tulitaka kuwafurahisha. Hatutafanya hivyo tena. Mkija, mtakuta kazi ilipofika." Rais wa klabu yetu, mzee wa miaka 71 aliyekuwa mwalimu wa fizikia, alipiga magoti akashika kalipa, akapima mwenyewe. Kisha akaomba samahani mbele ya watu. Mama Mdogo alinipigia jioni kunisimulia, nikalia.

Maamuzi mawili yametoka kwenye bonde lile. La kwanza, kila ununuzi unafanywa na kamati, na kila rola inapimwa kwa kalipa kabla haijashushwa kwenye lori. Kalipa ni Sh 35,000. La pili, hakuna sherehe wala ziara inayopangwa kabla jumuiya yenyewe haijaandika kwamba hatua imekwisha.

28 Machi 2024: Marekebisho

Rola 11 mpya kutoka kwa muuzaji wa kamati, kwa Sh 910,000 kila moja: milioni 10.01. Baada ya barua na safari mbili, muuzaji wa kwanza amerudisha milioni 5. Hasara halisi milioni 5.01. Tanki dogo limekamilika, na boya lake limejaribiwa usiku tatu mfululizo huku vijana wawili wakilala bondeni na tochi. Bomba limesimama imara.

16 Mei 2024: Hewa

Bomba zima, tanki dogo zima, banio zima, na bado tanki kuu lilikuwa linaingiza maji kama ya bomba la sinki. Fundi alipima: lita 0.3 kwa sekunde, badala ya 0.8. Watu wakaanza kusema ndiva imefungulia matundu yake. Kidogo tugombane na wazee bila sababu.

Baada ya bonde bomba linapita juu ya kilima kidogo kabla ya tanki. Fundi alikwenda pale, akaweka sikio kwenye bomba, akasema, "Limemeza hewa." Akalegeza konekta nusu mzunguko. Ikatoka hewa kwa mlio wa kupiga mluzi, dakika nne nzima, kisha povu, kisha maji yakaruka usoni mwake. Nusu saa baadaye tanki lilikuwa linapokea lita 0.8. Wiki iliyofuata hewa ikarudi.

Hizo ndizo valvu za Sh 780,000 tulizozikata mwezi Oktoba. Hewa hujikusanya kileleni na kuziba njia kama gogo, na mchanga hujikusanya bondeni. Valvu ya kutoa hewa juu, valvu ya kusafishia chini. Nimemweleza mtunza hazina kwa mchoro, naye ndiye aliyeomba klabu ilipe. Usikate mstari wa bajeti kwa sababu tu hujauelewa. Piga simu umuulize aliyeuandika.

Jumla ya ujenzi imefika Sh milioni 98.19. Klabu imeongeza kama pauni 935 kuziba pengo. Zile milioni 3.5 za wanakijiji hazijaguswa.

13 Julai 2024: Vilula

Vilula vyote vinane vinatoa maji. Vipimo vya maabara ni vizuri, na tanki linatiwa klorini. Wiki ya kwanza watu walilalamikia harufu, fundi akapunguza dozi kidogo kidogo huku akipima, na malalamiko yamekwisha.

Kilula cha kwanza tulikijenga vibaya na inafaa mjue kwa nini. Jukwaa la kuwekea ndoo lilikuwa la sentimita 30 kutoka chini, kama kwenye mchoro tulioupata. Mama mmoja mjamzito alijaza ndoo, akaiangalia, akauliza nani atamtwisha. Ndoo iliyojaa ni kilo 20, na kuipandisha kutoka chini hadi kichwani peke yako ni kuumiza mgongo. Fundi akaongeza ngazi ya pili, sentimita 90, pembeni ya bomba: unajaza chini, unahamisha juu, unainama kidogo unaingiza kichwa. Saruji mifuko miwili. Vilula saba vilivyofuata vilijengwa hivyo tangu mwanzo. Na kilula namba 5, ambacho wanaume walikipanga karibu na uwanja wa mpira, wanawake walikihamishia kwenye njia ya zahanati.

Mama Mdogo sasa anachota saa moja asubuhi. Ni dakika sita kutoka mlangoni kwake.

2 Novemba 2024: Mapato

Bei ni Sh 20 kwa ndoo. Wazee wasiojiweza na wagonjwa wanachota bure, na majina yao yalipitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Tulitarajia zaidi ya Sh 800,000 kwa mwezi. Agosti ziliingia 212,000. Septemba 265,000.

Klabu ilidhani watu hawataki kulipa. Kamati ilijua zaidi. Kwa miezi mitatu ya kwanza sisi wa ng'ambo tulikuwa tumejitolea kuwalipa wahudumu wa vilula mshahara, tukiona tunawasaidia kuanza. Mhudumu alipokea fedha yake hata kilula kikibaki wazi bila mtu, na mchotaji alijua hivyo. Mwenyekiti alituandikia barua ya mistari minne akiomba tuache kulipa. Oktoba mhudumu alianza kupata asilimia 30 ya anachokusanya, saa za kufungua zikapangwa na wachotaji wenyewe, na ubao ukawekwa ofisi ya kijiji: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kwa chaki, kila tarehe 1. Oktoba ziliingia 604,000.

Kuna mzee anayesema bado kwamba maji ni ya Mungu na hayauzwi. Kamati haikumfukuza. Ilimpeleka banioni, ikamwonyesha chujio lililoziba majani, ikamuuliza nani atapanda kulisafisha kila Jumatatu bila nauli wala buti. Sasa analipa, akinung'unika.

18 Januari 2025: Kiangazi cha kwanza

Mapato ya Novemba yalishuka hadi 451,000 kwa sababu watu walikinga maji ya mabati, Desemba yakapanda, na nusu ya kwanza ya Januari ni 340,000. Kijito kimepungua, na matundu mawili yamepungua pamoja kama mzee alivyosema. Vilula vinafungwa kwa muda wa saa mbili mchana, ndiva inapata zamu yake, na hakuna kesi iliyofika kwa mtendaji.

Koki ya kilula namba 3 ililika mwezi uliopita. Vijana wawili waliofunzwa na fundi waliibadilisha kwa dakika arobaini. Koki ni Sh 14,000, ilitoka kwenye akaunti ya jumuiya, ikaandikwa ubaoni. Klabu haikuarifiwa wala haikuhitajika. Mimi nilipata habari wiki tatu baadaye, Mama Mdogo alipokuwa akinisimulia mambo mengine kabisa.

Jana imekuja barua ya jumuiya kwa klabu. Wanaomba tuchangie nusu ya bei ya rola mbili za akiba za milimita 63, nusu nyingine wanayo. Wameambatanisha bei za wauzaji wawili wa Same na picha moja: mkono wa mwenyekiti, wenye udongo wa tangawizi kwenye kucha, umeshika kalipa kwenye mdomo wa bomba. Inasoma 3.8.